Nguvu ya Kuondokea: Tiba ya Gari Kuukuu la Silinda Sita

Usiku mmoja wa msimu wa mvua, katika kijiji kimoja cha Merikit, wilayani Tororo, mama mjamzito alishikwa na uchungu kabla ya siku zake kutimia. Gari lililokuwa karibu lilikuwa moja tu: Toyota Land Cruiser ya mzee mmoja mkulima, pikapu ya mwaka 1978, ambayo kwa miaka mingi imebeba muhogo, ulezi, wagonjwa na maharusi wa kijiji hicho bila kuchagua. Gari liliwaka bila taabu, likateremka bondeni penye kinamasi, likavuka daraja. Lilipofika mwanzo wa mwinuko, dereva alilazimika kusimama ili kupisha lori lililokuwa likishuka. Alipotaka kuondoka tena, gari lilitetemeka, likakohoa na kuzimika. Akaliwasha, akaachia klachi polepole, likazimika mara ya pili. Wanaume wanne walishuka topeni wakasukuma huku mgonjwa akiugua nyuma chini ya turubai.

Mungu alijalia. Mama yule alifika hospitali ya Tororo, akajifungua salama. Lakini mzee mwenye gari hakulala usiku ule. Kulipokucha aliwaita jamaa zake chini ya mwembe, akawaambia kwamba amekata shauri: gari litauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wa Busia. Gari linaloweza kumtupa mgonjwa njiani, alisema, si gari tena, ni mtego.

KIKAO CHA MWEMBENI

Mtoto wa nduguye, kijana anayependa magari, alikuwa na rai nyingine. "Baba mkubwa," alisema, "usiliuze. Tulifungie kabureta mbili kubwa na bomba pana la moshi, kama magari ya mashindano ya Safari. Litaruka kama swala."

Mke wa mzee hakujibu upande wowote. Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochanika. Ndani yake mlikuwa na hesabu za gari la nyumbani: tarehe, lita za petroli zilizonunuliwa, mizigo iliyobebwa, fedha iliyoingia. Alifungua kurasa za miaka mitatu iliyopita na za mwezi ule, akaziweka mbele ya mumewe. Petroli iliyokuwa ikitosha safari mbili za soko la Busia sasa ilikuwa haimalizi safari moja na nusu. Nguvu za gari zilikuwa zimepungua kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, wala si kwa siku moja.

"Mzee," alisema kwa utaratibu, "chombo kilichokufa hufa mara moja. Hiki kinaumwa. Nani amekwisha kukipima?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Ikakubaliwa kwamba kabla ya kuuza, na kabla ya kununua kabureta za mashindano, aitwe fundi mmoja wa makamo kutoka Busia, anayesifika kwa kusikiliza injini kabla ya kushika spana.

Kisa hiki kinafanana na visa vya nyumba nyingi za mpakani, Uganda na Kenya, ambako magari ya zamani ya silinda sita bado yanafanya kazi ya kila siku. Kwa sababu hiyo yafaa kueleza kwa urefu kidogo yale aliyoyakuta fundi huyo, ili wenye magari ya namna hiyo wapate kujua wapi pa kuanzia.

INJINI YENYEWE

Land Cruiser zilianza kufungwa injini ya silinda sita iitwayo F katika mwaka 1955. Mwaka 1975 ilikuja injini kubwa zaidi, 2F, yenye ujazo wa lita 4.2. Silinda zake zimesimama katika mstari mmoja. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 94, na pistoni husafiri milimita 101.6 kutoka juu hata chini. Yaani safari ya pistoni ni ndefu kuliko upana wa silinda. Mhandisi aliyechagua vipimo hivyo hakukusudia mbio. Alikusudia kazi ya punda: kuondoka na mzigo, kupanda mlima, kutoka matopeni.

Katika injini ya namna hiyo kila silinda hupata mlipuko wake mmoja katika kila mizunguko miwili ya mtaimbo mkuu. Kwa kuwa silinda ni sita, kila mzunguko mmoja hupata milipuko mitatu, iliyogawanyika sawasawa. Ndiyo maana injini ya silinda sita huzunguka kwa utulivu hata inapokwenda polepole, na ndiyo sababu watu wengi huipenda.

Lakini utulivu huo una hila yake. Silinda moja ikidhoofika, nyingine tano huibeba, na mwenye gari hatambui. Barabarani, injini ikizunguka kwa kasi, uzito wa gurudumu la injini husitiri aibu hiyo. Aibu hutokea pale pale palipotokea usiku ule wa Merikit: gari likiwa limesimama, lina mzigo, na mbele yake kuna mwinuko. Hapo injini inazunguka polepole, na kila mlipuko una thamani yake. Mmoja ukikosekana, gari huzimika.

NGUVU ZA AINA MBILI

Watu wengi wakisikia neno nguvu ya gari huwaza nguvu farasi. Hiyo ni hesabu ya kazi ambayo injini inaweza kuitenda kwa muda fulani, nayo huonekana zaidi injini inapokwenda kasi. Ipo nguvu nyingine, nayo ni nguvu ya kuzungusha. Mfano wake ni mtu anayefungua nati iliyokaza kwa spana: hahitaji haraka, anahitaji mkono mzito na spana ndefu. Nguvu hii ndiyo inayoliondoa gari mahali liliposimama.

Injini ya 2F hutoa nguvu yake kubwa kabisa ya kuzungusha inapofika karibu na mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Nguvu farasi zake hufika kilele karibu na mizunguko 3,600. Baada ya hapo, kuikanyaga zaidi ni kupiga kelele na kumwaga petroli.

Hebu ilinganishwe na injini nyingine ya silinda sita iliyojipatia sifa katika Afrika Mashariki, ile ya Datsun 240Z. Ujazo wake ni lita 2.4. Kipenyo cha silinda zake ni milimita 83 na safari ya pistoni ni milimita 73.7 tu. Hiyo ni injini ya pumzi fupi na ya haraka, ambayo kilele chake ni mizunguko zaidi ya 5,000. Zote mbili ni za silinda sita, zote mbili za Kijapani, lakini moja ni ng'ombe wa plau na nyingine ni farasi wa mashindano.

KISHAWISHI CHA SAFARI

Kijana wa mwembeni hakusema jambo la ajabu alipotaja Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya mwanzo njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya silinda sita yalipata heshima kubwa humo. Ford Zephyr ilishinda mwaka 1955. Mercedes-Benz 219 ilishinda mwaka 1959 na 1960, na 220SE ikafuata mwaka 1961. Kisha ikaja Datsun 240Z, ikashinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Ushindi huo wa 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, dereva wa Kenya aliyezaliwa Kampala, ambaye baadaye alishinda tena kwa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Sifa hizo ni za kweli. Kosa ni kudhani kwamba chombo cha mashindano hufaa kila chombo. Fundi wa Busia alimweleza kijana jambo hilo kwa mfano wa filimbi.

"Mwanangu," alimwambia, "filimbi nyembamba hulia kwa pumzi kidogo. Ukipewa bomba la maji ulipulize, utapuliza mpaka macho yatoke, wala halitalia."

Kabureta ni hivyo hivyo. Hewa inayopita kooni mwake ndiyo inayovuta petroli na kuipasua iwe ukungu. Koo likiwa pana mno na injini ikizunguka polepole, hewa hupita kivivu. Petroli hutoka kwa matone makubwa, na matone hayawaki vema. Bomba la moshi lililopanuliwa kupita kiasi, na kamshafti ya mashindano inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu, navyo huhamisha nguvu ya injini kutoka chini kuipeleka juu. Gari la mashindano linaweza kukubali biashara hiyo, kwa kuwa dereva wake haishushi injini chini ya mizunguko 3,000. Gari la kubeba muhogo likifanyiwa hivyo limeharibiwa.

KUANZA NA MAGURUDUMU

Fundi hakufungua boneti kwanza. Aliinua gurudumu moja baada ya jingine kwa jeki na kulizungusha kwa mkono. Matatu yalizunguka. La nyuma kushoto liligoma: breki yake ilikuwa imeshika, haiachii. Hilo peke yake lilikuwa sawa na kufunga kisiki nyuma ya gari. Silinda ndogo ya breki iliyoota kutu ilifunguliwa, ikasafishwa na kuwekewa raba mpya, na gurudumu likawa huru.

Pili, alipima urefu wa magurudumu. Miaka kadhaa nyuma mzee alinunua matairi makubwa kwa kuwa yalipatikana kwa bei rahisi, nayo yaliligawia gari sura ya kifalme. Kipenyo chake kilikuwa inchi 33, ilhali ya awali yalikuwa inchi 29 hivi. Tofauti ni karibu asilimia 14. Maana yake ni kwamba kila gia imekuwa nzito kwa kiasi hicho, kana kwamba mpanda baiskeli amefungiwa gurudumu kubwa zaidi nyuma bila kubadilishiwa pedali. Hakuna kabureta iwezayo kurudisha hasara hiyo kwa urahisi kama kurudisha matairi ya kipimo chake.

Tatu, alimwomba mzee aondoe gari mwenyewe huku yeye akisikiliza. Mzee aliingiza gia ya pili. Ilikuwa desturi yake tangu zamani, kwani gia ya kwanza ilikuwa ikipiga kelele. Fundi alisubiri mpaka watu wengine wakaondoka, kisha akamweleza kwa adabu: "Mzee, gia ya kwanza imewekwa kwa ajili ya saa kama ile ya juzi usiku. Kelele yake haidhuru. Kinachodhuru ni klachi na injini kulazimishwa." Mzee alicheka, akakubali.

PUMZI YA SILINDA

Baada ya hapo ndipo boneti likafunguliwa. Fundi alitoa plagi zote sita, akazipanga juu ya ubao kwa utaratibu wa silinda zake. Kisha akapima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, akikanyaga akselereta mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi.

Katika kipimo hiki usawa ni muhimu kuliko ukubwa wa tarakimu. Tororo ipo juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,200, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 11. Kwa hiyo hata injini mpya haitafikia huku tarakimu za pwani, wala hakuna fundi wa kulaumiwa. Lakini silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hapo pana ugonjwa.

Silinda tano za gari la Merikit zilikaribiana. Ya sita ilikuwa chini. Fundi alitia kijiko kimoja cha oili ndani yake, akapima tena. Endapo kipimo kingepanda, kosa lingekuwa la ringi za pistoni, kwani oili huziba mwanya wao kwa muda. Hakikupanda. Basi mwanya ulikuwa kwenye valvu.

Alifunua kifuniko cha juu na kupima nafasi za valvu, injini ikiwa ya moto. Katika injini hii nafasi ya valvu ya kuingiza ni milimita 0.20, na ya kutoa moshi ni milimita 0.35. Valvu ya moshi ya silinda ya sita haikuwa na nafasi hata kidogo. Ilikuwa imebanwa, haifungi sawasawa, na kila mlipuko ulikuwa ukivuja. Ilirekebishwa, na mgandamizo ukarudi karibu na wa wenzake. Laiti ingeachwa miezi michache zaidi, valvu ingeungua, na hapo kichwa cha injini kingefunguliwa kwa gharama kubwa.

Mbona valvu hujibana? Kiti cha valvu huliwa polepole, nayo huzidi kuzama, na nafasi yake hupungua. Zamani risasi iliyochanganywa katika petroli ilikuwa kinga kwa viti hivyo. Petroli ya risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006, na ni vema ikaondolewa, kwa kuwa risasi ni sumu inayodhuru akili za watoto. Mwenye injini ya zamani ya kazi nzito hana sababu ya kuililia. Anachotakiwa ni kupima valvu zake mara kwa mara, kazi ya saa moja au mbili.

KIJITI CHA MAKUMBUSHO

Jambo lililowashangaza watu lilikutwa kwenye distributa. Kutoka kabureta hadi distributa hupita mpira mwembamba wa hewa. Kazi yake ni kuuwahisha moto wa plagi pale injini inapokwenda bila mzigo mkubwa. Mpira ule ulikuwa umezibwa kwa kijiti cha mti, kilichochongwa vizuri na kukolea oili hata kikawa cheusi.

Mzee alikikumbuka. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na maduka mengi ya spea yakafungwa au kubadili wenyewe. Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Gari lilipoingia mikononi mwa mzee katika miaka ya 1980, dhiki hiyo ilikuwa haijakwisha. Utando wa ndani ya distributa ulipasuka, spea haikupatikana, na fundi wa wakati ule akachonga kijiti ili hewa isivuje na injini itulie. Ilikuwa busara ya siku ile. Lakini dawa ya siku moja ilikaa miongo, mpaka kila mtu akasahau kwamba chini yake kuna jeraha.

Yafaa ieleweke kwamba kijiti hicho sicho kilicholizimisha gari mlimani. Mtu anapokanyaga mafuta mpaka mwisho, mvuto wa hewa katika mpira ule hupungua sana, na msaada wake huondoka. Hasara yake ilikuwa katika petroli: barabara tambarare, moto wa plagi ulikuwa ukichelewa kila siku. Ndiyo sehemu ya siri iliyokuwa ndani ya daftari la mama.

Aliyelizimisha gari ni jirani yake. Pointi za distributa zilikuwa zimechakaa mguu wake, nafasi ikawa ndogo, na nafasi ikipungua pointi huchelewa kufunguka. Moto ukichelewa, mlipuko huifikia pistoni ikiwa imekwisha kuteremka, na nguvu yake hupotea katika bomba la moshi. Fundi aliweka pointi mpya na kuzipima kwanza. Kisha ndipo akapanga taimingi, kwani ukigusa pointi baada ya taimingi, unaivuruga tena. Alama yake katika injini hii huonekana kwa dirisha dogo kwenye nyumba ya gurudumu la injini, nayo ni gololi ndogo ya chuma. Kipimo chake ni digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Vyuma vidogo vya ndani ya distributa, vinavyowahisha moto kadiri kasi inavyoongezeka, vilikuwa vimeshikwa na kutu. Vilisafishwa na kutiwa tone la oili.

Kwa kuwa hewa ya Tororo ni nyepesi, fundi aliongeza digrii mbili, akapanda mlima na mzigo, akatega sikio. Injini ikigonga kama kokoto ndani ya kopo, moto umewahishwa mno na lazima urudishwe. Haikugonga.

KABURETA MWISHO

Kabureta iliguswa mwisho wa yote. Injini ikiwa imezimwa na hakuna moto wala sigara karibu, fundi alitoa kichujio cha hewa, akachungulia koo la kabureta na kuvuta waya wa akselereta kwa mkono. Mara hiyo hiyo inatakiwa kuruka mchirizi wa petroli wenye nguvu, kwani mtu anapokanyaga ghafla, hewa huwahi kuingia kabla ya petroli, na pampu ndogo iliyomo humo ndiyo inayoziba upungufu huo. Pampu ya gari la Merikit ilitema matone mawili, tena kwa kuchelewa. Kifuniko chake kilikuwa kimekauka. Kilibadilishwa kwa kipya kilichonunuliwa Busia, upande wa Kenya.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuziba pengo la hewa kwenye gasketi ya mabomba ya kuingizia na kutoa moshi. Katika injini hii mabomba hayo yamefungwa pamoja upande mmoja, na joto huyapinda baada ya miaka mingi. Pengo hilo huingiza hewa isiyopita kabureta na kudhoofisha injini ikiwa chini. Gasketi mpya iliwekwa na nati zikakazwa kwa zamu kuanzia katikati.

KWA UFUPI, KWA WENYE MAGARI

Mwenye gari la silinda sita lililopoteza nguvu ya kuondokea na afuate utaratibu huu, bila kuruka hatua:

1. Pima breki, matairi na klachi. Klachi inayoteleza hujulikana pale injini inapopiga resi na gari lisiongeze mwendo.

2. Pima mgandamizo wa silinda zote, kisha nafasi za valvu.

3. Angalia plagi, pointi, taimingi na vyuma vya distributa. Pointi kwanza, taimingi baadaye.

4. Chunguza mapengo ya hewa kwenye mipira na gasketi.

5. Malizia na kabureta: kichujio, pampu ndogo, chujio la petroli.

6. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha jaribu gari mahali pale pale na kwa mzigo ule ule. Anayebadili vitu vitano kwa pamoja hatajua kipi kilichomponya.

7. Vipimo vya kila injini vina kitabu chake. Visikopwe kutoka gari la jirani.

DAFTARI LAFUNGULIWA TENA

Siku ya soko iliyofuata gari lilipakiwa magunia ya muhogo, likapelekwa mpaka mahali pale pale lilipozimika. Mzee alisimama kwa makusudi katikati ya mwinuko. Aliingiza gia ya kwanza, akaachia klachi. Gari liliinama nyuma kidogo, likaondoka kama mtu anayeinuka kitini. Kijana wa kabureta za Safari, aliyekuwa amekaa juu ya magunia, alipiga kofi paa la gari na kucheka.

Haikuwa miujiza, na fundi hakuficha ukweli. Ringi za pistoni zimezeeka, na ipo siku injini itafunguliwa yote. Aliwashauri waanze kuweka akiba sasa, wakati gari linaingiza fedha, wasingoje siku litakapolala. Matairi makubwa yaliuzwa, na fedha yake ililipia sehemu kubwa ya kazi yote, pamoja na utando mpya wa distributa. Kijiti cheusi mzee alikataa kukitupa. Alikichomeka kwenye ukuta wa ghala.

Mama mwenye nyumba naye aliongeza safu mpya katika daftari: siku ya kupima valvu, siku ya kubadili pointi, siku ya kupaka oili. Petroli anaendelea kuiandika kama zamani. Kurasa za miezi ya karibuni zinaonyesha kwamba safari mbili za Busia zimerudi katika kipimo chake cha awali.

Mama aliyejifungua usiku ule alipita siku moja kushukuru, mtoto akiwa mgongoni. Mzee alimwonyesha mtoto gari, akamwambia kwamba hicho ndicho chombo kilichompeleka duniani kwa kusukumwa. Kisha akaliwasha, akaliacha linguruma polepole, sauti moja, bila kukohoa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nguvu ya chini ya injini nayo haipatikani kwa kutazama juu, kwenye mbio na sifa, bali kwa kuinama na kupima yaliyo madogo, moja baada ya jingine.